Nyumba Hukaguliwa Mvua Ikinyesha

Gahanga ya Julai, kusini mwa Kigali, humdanganya mtu mzima. Anga ni safi, udongo mwekundu umekauka hadi unapasuka, na ukisimama mgongoni mwa kilima unaliona bonde lote la Nyabarongo hadi ng'ambo ya Bugesera. Ndiyo miezi ambayo wenzetu wanaoishi Brussels, Ottawa na Dallas hurudi likizo. Wana wiki tatu za kusalimia wazee, kuhudhuria harusi mbili na kununua nyumba. Getini wanakuta rangi mbichi, ua uliofagiliwa, na nyuma ya nyumba mfereji uliojaa majani makavu. Komisiyoneri, yaani dalali, ana haraka, maana kuna mteja mwingine anakuja saa tisa. Mteja wa saa tisa hakosekani, hata kwa nyumba iliyokaa sokoni mwaka mzima.

Nina neno moja kwa mnunuzi huyo. Hati ya ardhi itamwambia mwenye mali ni nani; haitamwambia maji hupita wapi. Swali la kwanza serikali imemrahisishia mno, na labda ndiyo sababu wengi wakishalijibu huona kazi imekwisha. Swali la pili ni lake mwenyewe, na Julai si mwezi wa kulijibu.

Wapo watakaosema natia chumvi, kwamba Rwanda haina pwani na hakuna kimbunga kitakachokuja kutua wilayani kwetu Kicukiro. Ni kweli. Lakini Malawi nayo haina pwani. Machi 2023 kimbunga Freddy, kilichokuwa kimekwisha kuipiga Madagaska na Msumbiji, kiliishushia Malawi ya kusini mvua iliyoporomosha miteremko ya Blantyre. Katika vitongoji kama Chilobwe, matope na mawe yalishuka mlimani usiku yakapita juu ya nyumba za watu. Waliokufa pamoja na wale ambao hawakuonekana tena walizidi 1,200 nchi nzima. Kilichowaua wengi ni udongo ulioshiba maji, pamoja na mahali nyumba ilipojengwa. Upepo wenyewe haukuwa na sehemu kubwa.

Kwetu vimbunga hufika kwa mlango wa nyuma. Watafiti wa hali ya hewa wameonyesha kwamba kimbunga kikikaa mashariki ya Madagaska, upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo huweza kuvuma hadi huku na kuongeza mvua. Machi 2018, wakati Dumazile na Eliakim wakizunguka katika Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki ilinyeshewa namna hiyo, na katika miezi ile mvua na maporomoko viliua watu zaidi ya 200 nchini Rwanda. Kisha ukaja usiku wa kuamkia Mei 3, 2023. Mto Sebeya ulifurika Rubavu, vilima vikakatika Rutsiro, Ngororero, Karongi na kwingineko, na watu zaidi ya 130 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala ndani ya nyumba zao.

Gahanga haina miteremko ya kutisha kama ile ya magharibi. Ni sekta ya kusini kabisa ya Kicukiro, vilima vyake ni vya wastani, na maporomoko makubwa ya kufunika mtaa si habari zake za kila mwaka. Hatari yake ni ya chini chini: maji ya barabarani yanayoingia sebuleni, ukingo uliochimbwa wima nyuma ya jiko, paa linalong'oka mvua za kwanza zinapoanza, na viwanja vinavyouzwa karibu mno na bonde. Juu ya yote hayo kuna kasi. Tangu ujenzi wa uwanja wa ndege wa Bugesera ulipoanza mwaka 2017, na hasa tangu barabara ya kutoka Sonatubes kupitia Gahanga hadi Akagera ilipopanuliwa, mashamba ya mihogo na maharage yamegeuka viwanja, na viwanja vimegeuka nyumba. Nyumba nyingi zinazouzwa leo Nunga, Karembure au Murinja hazijaona misimu mingi ya mvua. Hata anayeiuza huenda hajui itakavyokuwa.

Tuanze na karatasi, tuimalize upesi. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda ilipima na kuandikisha viwanja zaidi ya milioni 10, kazi ambayo majirani zake bado wanaiota. Kila kiwanja kina namba yake, UPI, inayotaja jimbo, wilaya, sekta, seli na kiwanja chenyewe. Mwombe muuzaji namba hiyo kabla ya kupanda gari. Ukiwa nayo utajua jina la mwenye mali, ukubwa wa kiwanja, matumizi yaliyoidhinishwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Asiyetaka kukupa UPI hana nyumba ya kukuuzia. Wenye mali ya pamoja wakiwa ni mume na mke, wote wawili wasaini. Usikubali kuambiwa mama yuko safarini, atasaini akirudi. Omba risiti za kodi ya ardhi ya miaka iliyopita. Na hapa wengi hujikwaa: hati ya ardhi ni ya ardhi. Nyumba iliyo juu yake ina karatasi zake, yaani kibali cha ujenzi na michoro iliyoidhinishwa. Ukikuta kibali ni cha nyumba ya vyumba vitatu na mbele yako imesimama ya vyumba sita na ghorofa, umejua tayari kwamba sehemu ya nyumba hiyo haikukaguliwa na mtu yeyote.

Ukaguzi wenyewe hauwi kinga siku zote. Kinyinya, upande wa pili wa Kigali, nyumba za mtaa wa Urukumbuzi ziliuzwa kwa familia zilizokuwa na karatasi mkononi. Mwaka 2023 zikawa gumzo la nchi nzima baada ya baadhi kuanza kubomoka, na ikadhihirika kwamba hazikujengwa kwa viwango. Maofisa waliopaswa kuzisimamia walijikuta mikononi mwa polisi pamoja na mjenzi. Hilo liliwafariji wachache. Waliokuwa wakilipa mkopo wa nyumba yenye nyufa waliendelea kulipa.

Baada ya hati, tazama ramani ya mpango mkuu wa Kigali wa mwaka 2050, ulioidhinishwa mwaka 2020. Ukiwa na UPI unaweza kuona kiwanja kimepakwa rangi gani: makazi, kilimo, msitu, au ardhi oevu. Gahanga inashuka hadi Nyabarongo, na kila kijibonde kinachoelekea mtoni kina unyevunyevu wake. Sheria inataka meta 20 kutoka ukingo wa ardhi oevu ziachwe bila jengo. Kumbuka kwamba kiwanja kimoja kinaweza kuwa na rangi mbili, juu makazi na chini ardhi oevu, na komisiyoneri atakutembeza sehemu ya juu tu. Umbo la kiwanja na ukubwa wake ni sahihi, hati ni safi, ila theluthi yake hutaigusa kamwe. Bei mnapaswa kuijadili mkijua hilo.

Kisha kuna neno ambalo kila mkazi wa Kigali analijua: amanegeka, yaani sehemu za hatari ambazo wakazi wake huhamishwa. Jiji limekuwa likiziorodhesha kwa miaka, na mitaani tumezoea kuona TOWA limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za nyumba zinazosubiri kubomolewa. Ukuta uliopakwa rangi wiki jana huficha mengi. Orodha ipo kwa viongozi wa seli, na kuuliza si aibu. Wakazi wa Kangondo na Kibiraro, pale watu walipokuwa wakipaita Bannyahe, walivutana na jiji kwa miaka mitano hivi kuhusu fidia na kuhamia Busanza, hadi nyumba za mwisho zikavunjwa Septemba 2022. Ulikuwa mgogoro wenye pande zake, na sitauhukumu hapa. Lakini mtu anayeingia leo kwa hiari yake, akanunua mahali palipokwisha kuwekwa kwenye orodha, atakuwa na hoja dhaifu sana mbele ya ofisi yoyote.

Sasa twende nyuma ya nyumba, maana huko ndiko mambo yaliko.

Kigali hujengwa kwa kukata kilima. Fundi huchimba upande wa juu, hutupa udongo upande wa chini, na juu ya jukwaa lililopatikana huweka nyumba. Nusu ya nyumba inakaa juu ya udongo wa asili, nusu juu ya udongo uliomwagwa. Ikiwa ule uliomwagwa haukushindiliwa tabaka kwa tabaka, utashuka mvua zikianza, na nyumba itapasuka pale pale nusu mbili zinapokutana. Tafuta ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, mpana juu kuliko chini. Tazama kama milango ya vyumba vya upande wa bonde imepunguzwa kwa randa ili ifunge. Fungua kila mlango. Muuzaji hupaka rangi ukuta, ni nadra akumbuke mlango.

Upande wa juu kuna umukingo, ule ukingo ulioachwa wima baada ya kuchimba. Huua watu bila hata mafuriko ya kwenye picha za televisheni: mvua ya usiku kucha, ukingo wa meta tatu, chumba cha watoto kimeegemea upande huo. Ukikuta umukingo mtupu bila ukuta, na kutoka ukuta wa nyumba hadi hapo ni pungufu ya urefu wa umukingo wenyewe, hiyo ni kazi ambayo bado haijafanyika, na gharama yake ni yako. Ukikuta ukuta wa mawe umeshajengwa, usifurahi upesi. Tafuta matundu ya kutolea maji. Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu hugeuka bwawa. Maji hujikusanya nyuma yake, uzito huongezeka, na siku moja ukuta mzima hulala juu ya jiko. Matundu yakiwapo, tazama kama chini yake kuna michirizi ya udongo mwekundu. Michirizi ni habari njema, maana yake yanafanya kazi. Tundu safi kama limechongwa jana, katika ukuta wa miaka minne, huenda halina kitu nyuma yake isipokuwa zege.

Halafu maji ya paa. Hesabu yake ni rahisi mno hata inashangaza kwamba hatuifanyi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 40 mchana mmoja wa Aprili, limekusanya lita 4,800, mapipa 24 ya lita 200. Tangi la lita 5,000 limekaribia kujaa kwa mvua moja. Mvua ya kesho itakwenda wapi? Jiji linadai kila nyumba ikusanye maji yake, na wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo tangi utalionyeshwa kwa mbwembwe. Wewe ulizia bomba la kufurikia. Lifuate kwa miguu. Mara nyingi utakuta linaishia nyuma ya ukuta wa uzio, juu ya kiwanja cha jirani wa chini, ambaye hajakaribishwa kwenye mazungumzo haya ila siku moja atakuja na mjumbe.

Na sasa wazia kwamba wewe ndiye jirani wa chini. Juu yako kuna mapaa kumi, nyua kumi zilizosakafiwa, na barabara. Shamba la mihogo lililokuwa hapo zamani lilikuwa likinywa sehemu kubwa ya mvua hiyo. Lami hainywi kitu. Barabara mpya zina mifereji mizuri na makalavati, na kila kalavati lina mdomo. Jua mdomo huo umeelekea wapi. Ruhurura, yaani korongo la maji ya mvua, iliyoanza kama kijia cha maji hula kingo zake kila msimu, nusu meta hapa, meta moja pale, na uzio wako ukiwa kando yake utaliwa pamoja nazo. Ushahidi uko wazi kwa mwenye macho: mizizi ya miti inayoning'inia hewani, nguzo ya umeme iliyoinama, viroba vya mchanga vilivyopangwa na mtu aliyekata tamaa.

Juu ya haya yote kuna paa, na juu ya paa kuna upepo. Dhoruba za mwanzo wa misimu ya mvua, kabla itumba au umuhindo haujatulia, hung'oa mabati Bugesera na mashariki mwa nchi, na Gahanga imepakana na nyanda hizo ikitazamana nazo ana kwa ana. Nyumba ya mgongoni mwa kilima yenye mandhari nzuri ndiyo hiyo hiyo yenye upepo mkali. Mnunuzi hulipia mandhari, upepo anapewa bure. Dhoruba ya kilometa 100 kwa saa inaweza kusukuma au kuvuta kwa nguvu inayokaribia kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na pembeni mwa paa zaidi ya hapo. Bati la geji 30 lenyewe halifiki kilo tatu kwa mita hiyo. Paa la mita 100 za mraba linaweza kuvutwa juu kwa karibu tani tano. Kwa hiyo halikai pale kwa uzito wake. Linakaa kwa misumari, na kwa kile kilichoishikilia misumari.

Mwombe muuzaji ngazi, na kitobo cha kuingilia darini. Wengi hawajawahi kupanda huko tangu wanunue. Ukiwa na tochi tazama mahali kenchi inapokutana na juu ya ukuta. Fundi mwangalifu ameacha nondo zikitoka kwenye mkanda wa zege, akazikunja juu ya mbao, au ameweka bamba la chuma lenye misumari pande zote. Fundi wa haraka amepiga misumari miwili ya mshazari kwenye mbao iliyolazwa tu juu ya tofali, bila mkanda wowote. Papi zimefungwa kwa kenchi, au zimegongwa msumari mmoja mmoja? Je, mbao zina vumbi la mchwa? Sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta ikizidi sana, upepo huishika kwa chini na kuifunua. Ikiwa fupi mno, mvua hupiga ukuta. Kwa nyumba ya rukarakara, yale matofali ya udongo mbichi ambayo tangu 2019 yanaruhusiwa katika maeneo maalumu na kwa masharti, ukuta unaopigwa na mvua ni ukuta unaoyeyuka. Rukarakara iliyojengwa juu ya msingi wa mawe ulioinuka na kupigwa lipu nzuri ni nyumba halali kabisa. Iliyoanzia chini kwenye udongo siinunui hata kwa nusu bei.

Asiyeamini kwamba udongo wa Gahanga unaweza kujengwa ukadumu aende kwenye uwanja wa kriketi, uliofunguliwa Oktoba 2017. Matao yake makubwa yametengenezwa kwa vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa bila kuchomwa, na kati ya tabaka wajenzi wakalaza wavu wa kuimarisha kwa ajili ya matetemeko. Hakuna kitu cha ajabu katika udongo ule. Kilichozidi ni hesabu.

Kuna chanzo kingine cha habari ambacho hakina tovuti wala ada. Kila umudugudu, yaani kijiji, umegawanywa katika masibo, na mutwarasibo anayesimamia kaya chache huwa anajua nyumba ipi iliingiwa na maji na mwaka gani. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, watu wote wako nje na majembe. Ukiona mtaa unazibua mfereji ule ule kila mara, umeona ramani ya maji yake. Nenda peke yako, bila komisiyoneri. Salimia, usaidie kidogo, kisha umwulize mama wa nyumba ya chini: mama, hapa maji hupita wapi? Usimwulize kama yanaingia ndani. Atadhani unatafuta sababu ya kumharibia jirani biashara. Mwulize yanakopita. Atakuonyesha kwa mkono, na mkono huo hauna asilimia ya komisheni.

Kwingineko jukumu hili la kuulizia maji limeanza kuhamishwa kutoka kwa mnunuzi. Florida, jimbo linaloishi na vimbunga, tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka muuzaji wa nyumba ya kuishi aeleze kwa maandishi kama amewahi kudai fidia ya bima kwa sababu ya mafuriko, au kupokea msaada wa serikali kuu kwa hasara hiyo. Kwetu hakuna fomu ya namna hiyo, lakini hakuna kinachozuia mkataba wenu kuwa na aya inayofanana nayo: kwamba muuzaji anathibitisha nyumba haijawahi kuingiwa na maji, paa halijawahi kung'olewa, na haijawahi kupewa notisi ya amanegeka. Muuzaji mkweli ataisaini bila neno. Anayeanza kurekebisha maneno amekueleza vya kutosha. Bima nayo isomwe kabla. Ile ambayo benki hukutaka uikate kwa ajili ya mkopo aghalabu hutanguliza moto. Mafuriko, dhoruba na maporomoko vinaweza kuwa nyongeza ya kulipia kando, au visiwemo kabisa.

Inabaki shida ya muda. Mtu wa Ottawa hawezi kukaa hadi Novemba akisubiri mawingu, na muuzaji hawezi kumsubiri. Njia ipo, ingawa makomisiyoneri hawaipendi. Mwaka mmoja kabla, mchague ndugu mwenye subira, mpe UPI za nyumba mbili tatu, na umwombe aende Aprili mvua ikiwa bado inanyesha. Asimame mahali pale pale kwa kila nyumba, chini ya umukingo, kwenye kona ya chini ya uzio, na barabarani mbele ya geti, akipiga video kwa simu bila maelezo. Sauti ya maji inatosha. Akikosekana mtu huyo, toa malipo ya awali madogo kwa mkataba unaotaja kwamba salio litalipwa baada ya msimu wa mvua na ukaguzi wa mhandisi, na fedha yote ipite benki, si mkononi. Mhandisi mmoja kwa nusu siku hugharimu kidogo ukilinganisha na bei ya nyumba yoyote ya Gahanga, na akikuandikia kwamba ukuta wa nyuma haupo na unahitajika, gharama ya ukuta huo ikatwe kwenye bei kabla hamjakaa mbele ya noteri. Baada ya saini, umukingo ni wako.